Tunamficha Mtoto Asionwe na Nani?

Hapa kwetu Ipililo, na nadhani hata kwenu mnaosoma mkiwa Lalago, Malampaka au Bariadi mjini, kuna jambo moja ambalo muumini na asiyeamini wanalifanya sawasawa. Mwanamke akishika mimba, anaificha. Anajifunga kitenge juu ya kitenge, na akiulizwa mbona anatema mate kila saa anajibu kwamba ni malaria. Mumewe anajua, pengine na mama mkwe. Mchungaji hajui, muuguzi hajui, akina mama wa kikundi cha maombi anaosali nao kila Alhamisi hawajui. Siri inakuja kutolewa na tumbo lenyewe likiwa na miezi mitano au sita, na hapo ndipo tunaposema, "Kumbe! Hongera, mama."

Ukiuliza sababu, utaambiwa kwa sauti ya chini kwamba watu wana macho mabaya, kwamba mimba changa huchezewa, kwamba si kila anayekuchekea anakutakia mema. Hiyo ni lugha ya adabu ya kusema wachawi. Na wanaosema hivyo ni wale wale ambao Jumapili iliyopita walipiga makofi hadi mikono ikawasha, wakiimba kwamba nguvu za giza zimeshindwa msalabani. Kama zimeshindwa, mtoto anafichwa asionwe na nani?

Nitasema wazi ninachokiamini, na anayeudhika na aniudhikie. Desturi hii ya kuficha mimba inaua watoto na inawaachia wengine ulemavu wa maisha, na kanisa linaibariki kwa kunyamaza.

Tuanze na maneno yetu wenyewe. Sisi hufundisha kwamba uhai wa mtu huanza tumboni. Tunapokemea utoaji mimba, tunafungua Zaburi ya 139, pale Daudi anapokiri kwamba Mungu ndiye aliyemfuma katika tumbo la mama yake na kumwona angali hajakamilika. Tunakwenda kwa Yeremia, aliyejulikana na Mungu kabla ya kuumbwa tumboni. Mafundisho mema. Lakini kama ni kweli kwamba yule wa wiki ya nne ni mtu, basi ni mshirika wetu mdogo kuliko wote, na ana mahitaji yake. Hatuwezi kumwita mtu siku tunapomhukumu msichana aliyetoa mimba, kisha tukamhesabu si kitu katika miezi minne ambayo mama yake anatembea naye bila damu yake kupimwa. Mtetezi wa mtoto wa tumboni anayesubiri tumbo lionekane ndipo aanze kumtetea amechelewa mno, kwa sababu kazi kubwa inafanyika gizani kabla ya hapo.

Tazama inavyokwenda. Siku ya 22 hivi tangu mimba kutungwa, moyo wa mtoto unaanza kupiga. Wakati huo mama amechelewa kuona siku zake kwa wiki moja tu. Wengi hata hawajashtuka. Katika siku hizo hizo, mgongoni mwa mtoto, utando mwembamba unajikunja mfano wa mkeka unaokunjwa, kingo mbili zinakutana na kuwa bomba. Bomba hilo ndilo litakuwa ubongo na uti wa mgongo. Linapaswa kuwa limefunga kufikia siku ya 28. Lisipofunga upande wa chini, mtoto atazaliwa na mgongo wazi. Lisipofunga upande wa juu, ubongo haukui na mtoto haishi. Kisha vinachipuka vidole, midomo inaungana, macho yanajitenga. Kufikia wiki ya 8 mtoto ana urefu wa sentimita 3 hivi, mfupi kuliko kidole gumba chako, na msingi wa karibu kila kiungo umekwisha kuwekwa. Miezi iliyobaki ni ya kukua na kukomaa.

Hesabu sasa. Tunapotoa mimba sirini ikiwa na miezi mitano, tunamtangaza mtoto ambaye msingi wake ulishamwagwa zamani na kukauka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba kati ya wajawazito 100 hapa Tanzania ni 24 tu waliofika kliniki ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Utafiti wa 2022 ukaonyesha nafuu, wakafika takriban theluthi moja. Maana yake wawili kati ya watatu bado wanakwenda wakiwa wamechelewa. Umbali unachangia, na umaskini unachangia, na nitakuja kusema habari za waume. Lakini siri hii haihitaji nauli. Yuko mama anayeishi mita mia mbili kutoka zahanati na anakwenda mwezi wa sita.

Nataka nikae kidogo kwenye ugonjwa mmoja ambao hatuutaji kanisani, kwa sababu ndio unaoonyesha jambo hili kwa ukali kuliko mengine yote. Ugonjwa huo ni kaswende. Hapo jirani Mwanza watafiti walifuatilia wanawake wajawazito, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2002. Wale waliokuwa na kaswende kali ambayo haikutibiwa, mmoja kati ya wanne alizaa mtoto mfu. Wale ambao hawakuwa na kaswende, ilikuwa mmoja hivi kati ya mia. Takriban nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu katika kundi lile walichukuliwa na ugonjwa huu mmoja. Na sehemu ya pili ya kazi hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi: wanawake waliopimwa, wakakutwa na kaswende, wakachomwa sindano ya penisilini mara moja tu, walizaa sawa na wanawake ambao hawakuwahi kuugua.

Sindano moja. Dawa ya zamani, ya bei ndogo. Lakini lazima mama awe amefika, na afike mapema, kwa maana vijidudu hivyo vinapita kwenye kondo na kila wiki wanayokaa bila tiba wanaendelea kumharibu mtoto.

Sasa fikiria kinachotokea kijijini mtoto anapozaliwa mfu. Hatuulizi kama mama alipimwa. Tunauliza nani alimwona akiwa na mimba changa. Tunakumbuka bibi mmoja aliyepita njiani akamsalimu akasema amenenepa. Tunakumbuka ugomvi wa mpaka wa shamba. Wengine wanakwenda kwa mganga, na mganga hakosi jina la kutaja. Ninyi mnajua, na mimi najua, yaliyowapata wanawake wazee wa Usukuma kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa kuni na samadi ungemfanya mtu yeyote awe nayo. Mapanga yamepita juu ya vikongwe wasio na hatia katika nchi hii yetu, tangu tulipokuwa bado tunaitwa mkoa wa Shinyanga mpaka tukapewa mkoa wetu wa Simiyu mwaka 2012. Damu ile haikumwagwa na wapagani peke yao. Na pengine, katika nyumba ile ambayo bibi alitajwa jina, ugonjwa uliomwua mtoto uliletwa ndani na baba mwenye nyumba, kutoka safari yake ya kuuza pamba.

Hilo ni neno gumu, najua. Lakini ni nani mwingine atalisema? Muuguzi akilisema anaambiwa anavunja ndoa.

Jambo la pili ni watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa. Wako. Tusijifanye hatuwaoni, ingawa kweli hatuwaoni, kwa sababu wanafungiwa ndani. Wachache wanafika Bugando, wachache zaidi wanafika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako madaktari wanaziba mgongo na kuweka mrija wa kupunguza maji kichwani. Mtoto akiwahishwa, wengi wao wanaishi, wanakwenda shule. Akicheleweshwa kwa sababu familia ilikuwa inazunguka kwa waganga, au, nisamehewe, kwa mikesha ya maombi ya kufungua laana, kichwa kinaendelea kuvimba na maji yanaendelea kuubana ubongo.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Injili ya Yohana sura ya 9 inatuambia jibu: si yeye, wala si wazazi. Bwana alilifunga swali hilo, nasi tumelifungua upya katika kila nyumba yenye mtoto wa namna hii, na kwa kawaida tunalielekeza kwa mama peke yake.

Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanyika katika nchi 7. Walichukua wanawake ambao walishawahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hili, wakawapa baadhi yao vidonge vya foliki asidi kabla hawajashika mimba nyingine na katika wiki za kwanza. Zaidi ya theluthi mbili ya matatizo yaliyotarajiwa kurudi hayakurudi. Vitamini tu. Ile inayopatikana kwenye majani mabichi, kwenye maharage, kwenye maini. Haizuii kila kisa, na mama aliyeimeza yote kisha akazaa mtoto mwenye mgongo wazi asihukumiwe na mtu. Lakini imezuia vingi, na hakuna tambiko wala chale iliyowahi kupimwa hivyo ikafaulu.

Na hapa lazima niseme ukweli wote. Kama uti wa mgongo unafunga siku ya 28, hata mama anayekwenda kliniki wiki ya 8 amechelewa kwa jambo hili moja. Vidonge vya damu anavyopewa kliniki, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, vitamsaidia kwa mengine mengi, ila mgongo umeshafunga au umeshaacha kufunga. Kwa hiyo foliki asidi inapaswa kuanza kabla ya mimba, na kwa hilo hakuna mtu mwenye nafasi kuliko kanisa. Sisi ndio tunaowaona wachumba miezi mitatu kabla ya harusi. Daktari hawaoni.

Nimeshaanza kusikia mtu akifungua Luka sura ya kwanza ili kunijibu. Elisabeti, atasema, alijificha miezi mitano. Ni kweli, imeandikwa. Lakini soma sababu iliyomo mle. Hakuna mchawi aliyetajwa, wala jicho baya. Alikuwa mwanamke mzee aliyeaibishwa miaka yote kwa kukosa mtoto, na sasa anamshukuru Bwana aliyemwondolea aibu. Kisha endelea kusoma, usiishie hapo. Mariamu, aliyekuwa na mimba changa kabisa, mimba ambayo kwa macho ya watu ilikuwa na hatari kuliko mimba yoyote, hakuificha chini ya vitenge. Alifunga safari kwa haraka kwenda milimani, kwa mwanamke wa jamaa yake ambaye angemwelewa, na akakaa huko miezi kama mitatu. Ile miezi mitatu ya kwanza, wapendwa! Mama wa Bwana wetu aliipitisha katika nyumba ya mtu anayejua. Na aliyekuwa wa kwanza kuitambua mimba hiyo alikuwa mtoto mwingine aliye tumboni, aliyeruka kwa furaha akiwa na miezi sita. Kama mnataka mfano wa jinsi mjamzito anavyopaswa kuishi katikati ya watu wa Mungu, ni huo.

Mwingine atasema, Mungu ndiye anayeumba, mwanadamu asiingilie. Huyu nampeleka Waamuzi sura ya 13. Malaika wa Bwana anamtokea mke wa Manoa, mwanamke tasa, anamwambia atazaa mwana. Angeweza kuishia hapo. Ahadi imetoka mbinguni, nani ataizuia? Lakini malaika hakuishia hapo. Alimpa masharti ya mwili wake: asinywe divai wala kileo, asile kitu kilicho najisi. Na masharti hayo yanarudiwa mara tatu katika sura ile moja. Mungu aliyemuumba Samsoni hakuona kwamba chakula na kinywaji cha mama yake havimhusu. Madaktari wa Marekani walikuja kuandika mwaka 1973 juu ya watoto walioharibiwa na pombe waliyokunywa mama zao wakiwa wajawazito, wenye nyuso za pekee na akili nzito, na mpaka leo hakuna kipimo cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito. Mama anayeuza gongo na kuionja akiwa na mimba, na sisi tunajua, na tunampa pole tu mtoto asiposhika masomo.

Ila katika sura hiyo anayenivutia zaidi ni Manoa mwenyewe. Mkewe alipomweleza, hakusema hayo ni mambo ya wanawake. Alimwomba Mungu amrudishe yule mtu awafundishe, wote wawili, jinsi ya kumtendea mtoto atakayezaliwa. Mwanamume aliyeomba apewe somo la ujauzito! Wangapi kwetu?

Nina neno na wanaume wa Ipililo, na ninalisema kwa heshima ya wazee wangu. Ng'ombe wako akiwa na mimba, unajua mwezi wake. Humpigi, humfungi jembe, unamtafutia majani mabichi hata kiangazi. Akikataa kula, unamwita bwana mifugo na unamlipa bila kubishana. Mkeo yuleyule mwenye mimba anabeba ndoo ya maji kichwani na kuni mgongoni, anapalilia pamba mpaka jua linazama, na akikuomba nauli ya kwenda kliniki unamwuliza mbona mama yako alizaa kumi bila kliniki. Sera ya nchi inasema huduma za mjamzito ni bure. Kinachokosekana mara nyingi ni nauli ya bodaboda, na wewe kumsindikiza siku moja ili nawe upimwe. Maana akipimwa yeye peke yake na kutibiwa kaswende, nawe ukabaki na yako, atarudi na kadi yenye muhuri na kuambukizwa upya usiku uleule.

Habari ya mama yako aliyezaa kumi, nenda ukamwulize swali la pili. Usimwulize alizaa wangapi; mwulize alilea wangapi. Kaa naye mpaka amalize kuhesabu. Bibi zetu hawakuwa na nguvu kuliko binti zetu, walikuwa na makaburi madogo mengi zaidi nyuma ya nyumba, na wao wenyewe wengine walizikwa na mimba zao. Hata hivi majuzi tu, makadirio ya 2015–16 yalikuwa akina mama 556 wanaofariki kwa kila vizazi hai 100,000. Ya 2022 yakashuka hadi 104. Kushuka huko hakukuletwa na bibi.

Chakula nitakitaja kwa uchungu, kwa sababu hapa tumebarikiwa na tunaichezea baraka. Simiyu inalima dengu. Inalima choroko. Ni katika vyakula vyenye foliki nyingi ambavyo mtu anaweza kuvipata shambani mwake mwenyewe. Lakini kwetu dengu na choroko ni mazao ya biashara. Gunia linatoka shambani linakwenda kwenye mzani, na mjamzito anabaki na ugali na mlenda, na kiangazi nsansa iliyochemshwa na kuanikwa juani, ambayo joto na mwanga vimeshaila sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Serikali ilitunga kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani, lakini dona letu la mashine ya kijiji halipiti huko. Sisemi usiuze dengu. Nasema debe moja libaki ndani, na liitwe la mama.

Na badala yake anakula nini? Pemba. Ule udongo unaouzwa gengeni umepangwa kama peremende. Huko Geita watafiti waliwakuta karibu nusu ya wajawazito waliowahoji wakila udongo, na walipoupima waliukuta na madini ya sumu kama aseniki na zebaki. Geita ni nchi ya migodi na sisi si Geita, lakini nani amepima pemba ya gengeni kwetu, na nani anajua imechimbwa wapi? Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na katika utafiti ule wa 2015–16 zaidi ya nusu ya wajawazito wa nchi hii walikuwa na upungufu wa damu. Mama anayetamani udongo asichekwe. Apimwe damu.

Malaria nitaipitia haraka kwa kuwa mnaijua, isipokuwa jambo moja. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, wakichunguza makondo ya wanawake wa Kisumu, Kenya, waligundua kwamba vijidudu vya malaria vina namna ya pekee ya kujishikiza kwenye kondo la nyuma. Ndiyo maana mama anaweza kuwa na malaria kwenye kondo naye anatembea sokoni bila homa, huku mtoto anakosa chakula na kuzaliwa na kilo pungufu. Zile SP anazopewa kliniki kila mwezi kuanzia baada ya miezi mitatu ni kwa ajili ya huyo asiyejisikia mgonjwa. Kabla ya hapo ni chandarua.

Nimeacha kwa makusudi jambo la maombi mpaka sasa. Mjamzito akianguka na kutupa mikono na miguu, povu likamtoka, macho yakageuka, huyo ana kifafa cha mimba. Kinatokana na shinikizo la damu linalopanda katika nusu ya pili ya mimba, na dalili zake hutangulia: kuvimba uso na mikono, kichwa kuuma bila kukoma, kuona ukungu au nyota. Kipimo cha presha na cha mkojo kinaionyesha kabla. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulioonyesha kwamba dawa ya magnesia salfeti inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Mwanamke wa namna hii akiletwa kanisani, au akaanguka ibadani, kuna watu wetu ambao watamzunguka na kumkemea pepo kwa saa mbili. Mimi naamini maombi. Naamini pepo wapo. Lakini ninasema kwamba mwombaji anayemzuilia mwanamke huyo asipelekwe hospitali atajibu mbele za Mungu kwa roho mbili. Ombeni njiani. Ombeni juu ya bodaboda.

Wala sitetei kila muuguzi. Wako wanaowafokea binti zetu, wanaowauliza mbele ya watu kwa nini mimba ya nne na wa kwanza hajaacha kunyonya. Ziko zahanati ambako mwanamke asiye na mume anarudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji, eti ndipo apokelewe, na binti aliyekimbiwa anaona heri akae nyumbani. Hilo nalo ni ukatili, na wazee wa kanisa wenye heshima kwenye vikao vya kata walipaswa kuwa wamelisemea zamani. Lakini binti huyo asipofika zahanati kwa sababu ya barua, na kanisani tumemtenga kwa sababu ya dhambi, mtoto wake amebaki na nani? Mtoto hajatengwa na ushirika. Hajafanya lolote.

Ninachotaka ni kidogo na hakina gharama kubwa. Mchungaji aseme madhabahuni, kwa jina, kwamba katika kanisa hili mimba haifichwi kwa ajili ya wachawi. Si lazima itangazwe kwa kipaza sauti. Mama mchungaji na muuguzi wakijua, inatosha. Akina mama wanaoandaa binti kuolewa, katika vile vitenge na masufuria wanayochangishana, waweke na foliki asidi ya miezi mitatu, nao waseme mbele ya bwana harusi ni ya nini. Mama aliyepoteza mtoto asiulizwe nani alimtazama. Aulizwe kama yeye na mumewe wamepimwa. Na nyumba yenye mtoto wa kichwa kikubwa tuifikie wiki hii, si kwa mafuta ya upako peke yake, bali na nauli ya Bugando.

Mafundisho ya ndoa huanza kila mwaka pamba ikishauzwa, na orodha ya masomo huandaliwa na baraza la wazee. Nimewaandikia nikiomba somo moja la saa moja juu ya miezi mitatu ya kwanza, lifundishwe na mkunga, wachumba wote wawili wakiwepo. Bado nasubiri jibu.